Mkia wa Herufi Moja

"Yule mzee sasa anaongea na marehemu mkewe kwenye televisheni."

Aliyesema hivyo ni fundi cherehani wa chumba cha mbele, ambaye wapangaji wote walimwita Redio. Hakuwa akikasirika kuitwa hivyo. Pengine alijua kuwa redio angalau husikilizwa. Alisema akiwa bombani, ndoo yake imeshajaa na maji yanamwagika, lakini habari ilikuwa tamu kuliko maji.

"Umemsikia mwenyewe au umeambiwa?" aliuliza Mama Kibonge.

"Kwa masikio yangu haya! Nimepita dirishani, nikasikia, 'Nisamehe, mama. Fungua basi. Nionyeshe hata kidogo.' Nikachungulia. Yuko peke yake, amepiga magoti mbele ya televisheni, na televisheni yenyewe haina picha, bluu tupu. Sasa niambie, anaongea na nani kama si yule bibi?"

"Labda alikuwa anaimba."

"Anaimba! Wewe nawe, mtu akiungua utasema anaota moto."

Mama Kibonge alimpandisha mwanawe mgongoni, akakaza mbeleko, akachukua ufagio. Alikuwa msusi, akisukia watu nywele kwenye kibaraza cha chumba chake, na asubuhi ile hakuwa na mteja. Jina la Kibonge mtoto alipewa na wapangaji kwa ajili ya mapaja yake, na mama naye akalirithi humohumo.

Tangu mke wa yule mzee afariki, yeye ndiye aliyekuwa akimfagilia chumba. Hakuna aliyemtuma. Yule bibi ndiye aliyemshika mkono uchungu ulipomwanza, mumewe akiwa safarini na lori la watu, na ndiye aliyemwogesha Kibonge wiki za mwanzo, wakati mama mwenyewe aliogopa hata kuishika shingo ya mtoto, akihisi itakatika. Mtu wa namna hiyo akiondoka, huwezi kuuacha mlango wake ujae vumbi.

Alimkuta yule mzee, ambaye wapangaji walimwita Mzee Diski, ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto aliyenyimwa kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fagia tu. Leo hata ukifagia na mimi ukanitupa nje, sawa."

Chumba kile Mama Kibonge alikijua kona kwa kona. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani kuipisha meza, na meza ilikuwa imebeba kompyuta za zamani zimepangwa kama sahani. Si kompyuta hizi za kukunja. Hizi zilikuwa kibodi nene tu, na kompyuta yenyewe imefichwa chini ya vitufe. Unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, unaitia diski, inaamka. Zamani zilikuwa nyeupe. Sasa zilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara.

Habari za mashine zile alikuwa amezipata kidogo kidogo, siku hii nusu, siku ile nusu, ufagio ukiwa mkononi. Mzee alikuwa fundi wa redio na televisheni tangu ujana, katika duka lenye dirisha kubwa la kioo. Siku moja mwenye duka akaleta kompyuta hizo za nyumbani, akaiweka moja dirishani. Watoto wa mtaa walijazana mpaka kioo kikawa na madoa ya pua. Fundi, wakati huo kijana mwenye nywele za kuchana, akaanza kuwaita ndani Jumamosi, akawafundisha kuiandikia mashine amri zake, wakatengeneza mpira wa nukta unaogonga ukuta na kurudi. Dada wa mmoja wao akaja na fimbo kumfuata mdogo wake aliyesahau kurudi nyumbani.

"Alikuja kupiga mtu," Mzee alipenda kusimulia. "Akaishia kunipikia."

Miaka haikupita mingi, kampuni iliyotengeneza mashine zile ikafa. Mwenye duka akahamia kwenye majokofu, na kompyuta zilizobaki akaziweka nje karibu na pipa la taka. Fundi akazibeba kwa mkokoteni. Mkewe alipoona mzigo ule unaingia mlangoni aliuliza swali moja tu: "Na hawa wageni watalala wapi?"

Lakini mashine zile hazikufa na kampuni yake. Hilo ndilo Mama Kibonge alichelewa kulielewa, mpaka Mzee alipomweleza kwamba kila kompyuta ina kitu kinaitwa mfumo endeshi. Ndio unaoiamsha ukiiwasha, ndio unaoiambia hiki ni kitufe, hii ni herufi, ile ni diski. Bila mfumo, kompyuta ni kibao cha plastiki. Na watu waliozipenda mashine zile, waliotawanyika nchi nyingi, wengine wazee na wengine hawajawahi kuonana uso kwa uso, walikuwa wameunda chama na kuendelea kuutengeneza mfumo huo wenyewe, kila mmoja kipande chake, baada ya kazi, bila mshahara.

Kipande cha Mzee kilikuwa herufi. Mfumo mpya ulikuja na njia mpya ya kuchora herufi kwenye kioo, nzuri sana, lakini nzito; ilikula memori yote ya mashine kuukuu, zikabaki zinahema. Mzee akaandika ya kwake, nyepesi, inayoenea kwenye tumbo dogo. Kikiingia kipande hicho, mashine kongwe zingeubeba mfumo mpya na kuendelea na safari. Kisipoingia, chama kingesonga mbele na mashine mpya tu, zile walizojiundia wanachama, na zile za rangi ya meno zingeachwa njiani.

Kipande kilikuwa kimeisha zamani. Kilichobaki kilikuwa mkia wa herufi ya g. Ukiiandika haraka, mkia wake ulikatika kidogo, nukta moja ikaruka. Mzee hakuupenda. Aliurekebisha, ikaharibika j. Akairekebisha j, mkia wa g ukarudi ulivyokuwa. Katibu wa chama alimwandikia, "Mzee wetu, tutumie hivyo hivyo." Naye alijibu, "Bado kidogo." Bado kidogo hiyo ilikula miaka.

Mama Kibonge alifagia mpaka karibu na miguu ya Mzee, kisha akasimama.

"Mzee, watu wanasema unaongea na televisheni."

"Watu ni Redio?"

"Ndiye."

"Safari hii hajakosea sana." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Katibu ameniletea ujumbe. Mwisho wa mwezi wanaufunga mfumo mpya, baada ya hapo hawapokei kipande kingine. Waliobaki wamechoka, wengine macho yamekwisha, wengine wamekufa. Anasema kipande changu kikifika kabla, mashine zetu zimo. Kisipofika, basi, hakuna atakayerudi nyuma kuzichukua. Nimesema potelea mbali mkia wa g, natuma. Nimetoa diski." Aliinyoosha mikono kuelekea rundo la diski nyeusi sakafuni, kila moja na karatasi yenye mwandiko wake mdogo. "Hakuna hata moja inayosomeka. Hata moja! Kazi yote, na nakala zake, na nakala za nakala."

"Zimeoza?"

"Afadhali zingeoza. Ni mimi."

Akamwonyesha draivu, kile kisanduku kinachomeza diski. Ndani mna kichwa kidogo kinachopita juu ya diski kama sindano ya cherehani, kikiandika kwenye mistari na kuisoma mistari hiyohiyo. Draivu yake, kwa uzee, ilikuwa imehama kidogo tu pembeni. Ikawa inaandika pembeni ya mstari, na kwa kuwa ilisoma palepale ilipoandika, haikujua kuwa imepinda. Diski zake ilizisoma vizuri; za watu wengine ilikuwa ikizikataa, naye akidhani ni za watu wengine ndizo mbovu. Hadi mkewe alipofariki. Siku chache baada ya mazishi, wageni wameondoka na binti yake amepanda basi kurudi kazini, akaifungua draivu ile na kuinyoosha ikawa sawasawa kama ilivyotoka kiwandani.

"Kwa nini siku ile?" aliuliza Mama Kibonge taratibu.

"Mikono ilikuwa inataka kazi. Nilitaka kitu kimoja tu humu ndani kikae sawa." Alicheka bila furaha. "Kikakaa sawa. Sasa kinasoma katikati ya mstari, na maneno yangu yote yako pembeni. Sijagusa diski zile tangu hapo, ndio maana sikujua. Fundi mzima! Mtoto wa wiki ya kwanza ya kazi angenikumbusha nijaribu diski moja kabla ya kufunga skrubu."

"Na ile 'nisamehe, mama'?"

"Hiyo nilimwambia marehemu kweli. Redio usimwambie."

Kibonge alikuwa amelala mgongoni, mdomo wazi, mate yameloanisha bega la mama. Mama Kibonge aliiangalia draivu, akaangalia diski.

"Kama uliinyoosha," alisema, "si uipinde tena?"

"Mwanangu, kunyoosha kuna kipimo. Kupinda hakuna. Nitajuaje ilikuwa imepinda kiasi gani, na kwa upande gani? Hapa tunazungumzia unene wa unywele." Aliinua mikono yake mbele yake ili aione. Ilikuwa ikitetemeka tangu mazishi, si sana, lakini haikutulia. "Na mikono yenyewe ndiyo hii."

Alikuwa ametaja unywele mbele ya msusi. Mama Kibonge alimshusha Kibonge, akamlaza kitandani, akazungushia mito.

"Nionyeshe pa kushika," alisema.

Ndivyo walivyoanza. Mzee alilegeza skrubu mbili zilizoshika mota ya draivu, ile inayokisogeza kichwa, zikabaki zimeng'ang'ania nusu, akamwelekeza Mama Kibonge aweke ncha za vidole kwenye mota na kuisukuma kidogo sana, kisha angoje. Diski inazunguka, inakwaruza, inanung'unika. Mzee anakodolea kioo cha televisheni.

"Haisomeki. Kidogo tena."

"Huku?"

"Huku. Kidogo, nimesema! Hapo umesafiri mpaka mji wa jirani."

"Mzee, nimehema tu."

"Basi usiheme."

Siku ya kwanza hawakupata kitu. Kibonge aliamka, akatambaa, akavuta waya, kila kitu kikazimika na Mzee akapiga yowe. Redio, aliyekuwa akipita kwa bahati kwa mara ya nne, aliingiza kichwa mlangoni.

"Mnafanya nini humu ndani na mlango umefungwa nusu?"

"Tunaita mizimu," Mzee alimjibu. "Njoo umshike mtoto, inamwogopa."

Redio alishtuka, kisha akaona anachezewa, akaingia. Alimbeba Kibonge, akaketi mlangoni na shati la mteja lenye kifungo cha kushona, na tangu siku ile akawa hakosi. Alitaka kujua kila kitu. Mzee alipomweleza kuhusu mistari na kichwa kilichohama, Redio alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Kwa hiyo miaka yote ilikuwa inajisomea yenyewe, ikijiona iko sawa."

"Ndiyo."

"Namjua mtu wa hivyo. Niliolewa naye."

Walirudia kesho yake na keshokutwa, asubuhi kabla wateja wa nywele hawajaja, na mchana wakishaondoka. Vidole vya Mama Kibonge vilianza kuizoea ile mota. Alijifunza kutoisukuma, bali kuegemeza tu uzito wa kidole, kama unavyomtenganishia mtoto nywele ukitaka asilie. Mwezi ulikuwa ukienda. Mzee alituma ujumbe kwa Katibu: nipeni siku chache, iko njiani. Katibu hakujibu. Mama Kibonge, ambaye alimwona akiuandika, alifikiri kwamba huenda ujumbe wa namna hiyo Katibu ameshaupokea mara nyingi.

Mwezi uligeuka, siku ya mwisho ikapita. Mzee alitia tu diski nyingine, na Mama Kibonge akaegemeza kidole.

Sauti ilibadilika. Kukwaruza kukakoma, diski ikawa inavuma laini, na kwenye bluu ile ya televisheni majina yakaanza kushuka, mstari chini ya mstari.

"Usiondoe kidole," alisema Mzee. "Kaa hapohapo. Mama yangu, kaa hapohapo."

Alikaza skrubu yeye mwenyewe, kiwiko amekiegemeza mezani kutuliza mkono. Majina hayakutoweka. Diski moja baada ya nyingine ilisomeka. Mbili hazikusomeka hata hivyo, lakini ile yenye kipande kizima ilisomeka yote. Redio alipiga kigelegele mpaka Kibonge akaanza kulia.

Mzee alikiwasha kipande chake kwenye mashine kuukuu kuliko zote, akamwita Mama Kibonge aketi.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Chochote. Haraka."

Aliandika kwa kidole kimoja jina la mwanawe, kisha majina ya ndugu zake wote, kisha, kwa kuwa Redio alikuwa akinong'ona begani, jina la Redio. Herufi zilijitokeza nyembamba, safi, zimekaa vizuri kama misuko ya nywele zilizochanwa sawa. Mashine haikuhema. Ilimfuata kila alikokwenda.

"Ni ipi ile yenye mkia mbaya?" aliuliza.

Mzee alimwonyesha g. Aliikodolea, akakaribisha uso mpaka karibu agonge kioo.

"Mkia huu una nini, Mzee?"

Mzee naye aliuangalia kwa muda mrefu.

"Hauna kitu," alisema.

Alikihamisha kipande kwa waya alioutengeneza mwenyewe hadi kwenye laptop kuukuu ya binti yake, na kutoka hapo kikaenda kwa bando la simu. Waliingoja ile alama ya kutumwa kama watu wanaongoja mgonjwa afungue macho. Kisha Mzee akaenda kuoga, akarudi amevaa shati la mazishi, lile zuri, akaketi.

Jibu lilifika mchana uliofuata, Mama Kibonge akiwa anapanguza meza. Lilikuwa ujumbe wa sauti. Mzee aliuweka wazi, ili asiusikie peke yake.

"Mzee wetu," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye kikohozi kidogo. "Nimepokea. Asante. Lakini tulifunga Jumapili. Tulipiga kura, na waliobaki si wengi, wengi wao wakasema mashine za zamani zibaki na mfumo wa zamani. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Hatuna mikono tena ya kuanza kuvijaribu vitu upya. Kipande chako sijakifungua, nisikudanganye. Nimekiweka kwenye hifadhi yetu, na jina lako. Pumzika sasa, Mzee wetu."

Redio, ambaye hajawahi kukosa neno, alimchukua Kibonge na kutoka naye nje.

"Walinisubiri," alisema Mzee. "Usije ukadhani wamenionea. Walinisubiri miaka. Walisema tuma hivyo hivyo. Mama yenu alisema tuma hivyo hivyo. Aliketi pale kitandani akasema, watu wanataka kusoma, hawataki kukagua mikia. Nikamwambia haelewi."

"Mzee..."

"Angekuwa ameiona kazi hii. Hilo ndilo. Angekuwa ameiona ikitembea kwenye mashine za watu, huko na huko. Badala yake aliniona mgongo tu, jioni baada ya jioni, nimeinamia mezani." Alipapasa vitufe vya mashine iliyokuwa karibu, bila kuviminya. "Na binti yangu hivyohivyo. Ukimuuliza baba yake anafananaje, nadhani atakuchorea kisogo."

Mama Kibonge alikunja kitambaa, akaketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo bila shaka bibi alikuwa akiketi, na akamwangalia Mzee usoni. Nje Kibonge alikuwa akicheka, Redio akimfanyia sauti za ajabu.

"Mwanangu," Mzee alisema hatimaye. "Nina ombi."

"Sema, Mzee."

"Katibu hajakifungua. Umemsikia. Na sitaki wabadilishe walichoamua, wamechoka kama mimi, waache wapumzike. Lakini wao, kwa miaka yote hii, kitu walichonisikia nikisema ni kimoja tu: iko tayari, bado kidogo. Mimi mwenyewe ningekuwa wao, ningeshaanza kuamini hakuna kitu. Kwamba mzee amekaa huko na diski tupu, anajipa umuhimu." "Nikiwaambia mimi kwamba inafanya kazi, ni maneno yaleyale. Wewe umeiona. Umeiandikia kwa kidole chako. Nisemee."

"Mimi?" Mama Kibonge alishika kifua. "Mzee, mimi nimeishia shule ya msingi. Nitawaambia nini watu wa kompyuta?"

"Ulichokiona. Basi. Ukianza kuongea maneno ya kompyuta, nitakukatisha."

Alikuwa ameshaishika simu, mkono mmoja akiushikilia kwa ule mwingine ili utulie mbele ya mdomo wa Mama Kibonge. Alama nyekundu ya kurekodi ikawaka.

"Anza na salamu," alinong'ona. "Katibu ni mtu mzima."